Iksora fupi kwenye udongo wa pwani: namna ya kuipanda isigeuke njano

Iksora fupi huishia kwenye goti au paja la mtu mzima. Haipukutishi majani msimu wowote, na ikiwa na afya hutoa vishada vya maua mekundu, ya machungwa au ya waridi karibu mwaka mzima. Ndiyo maana wengi wanaojenga Dar es Salaam wanataka safu yake mbele ya baraza. Miezi michache baadaye huanza kunitumia picha zinazofanana: majani ya njano, maua hakuna, na swali, "Niongeze mbolea?"

Nauza miche na kupanda bustani Kigamboni. Jibu langu karibu mara zote ni kwamba usiongeze kitu kabla hujauangalia udongo. Asili ya iksora ni India ya kusini na Sri Lanka, nayo hupenda udongo wenye uchachu. Sisi huku pwani sehemu nyingi tumekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Penye chokaa, madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua.

Hatua ya 1: Pima udongo kwa siki

Fanya hivi kabla hujanunua hata mche mmoja. Chimba kina cha shubiri moja, chukua udongo kiganja kimoja, uanike ukauke, kisha utie kwenye glasi na umwagie siki nyeupe. Sogeza sikio. Ukisikia unachemka na ukaona mapovu, hapo pana chokaa. Ukitulia kimya, endelea.

Usipime sehemu moja tu, na pima hasa karibu na ukuta. Kuna nyumba nilipanda miche 40 kando ya ukuta uliotoka kupigwa lipu. Mafundi walikuwa wamefukia mabaki ya saruji palepale chini, nami sikuchimba kuangalia. Baada ya miezi mitatu, miche iliyokuwa shubiri moja kutoka ukutani ilikuwa njano. Ile iliyokata kona kufuata njia, mita moja mbele, ilikuwa kijani kizito. Samadi ilikuwa moja na mwagiliaji alikuwa mmoja. Niling'oa yote ya ukutani nikaanza upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo chupa ya siki haitoki kwenye mkoba wangu wa kazi.

Hatua ya 2: Andaa mtaro

Kaa angalau nusu mita kutoka ukutani. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha 45, na kifusi chote kitoke, hata vipande vidogo. Ukikutana na mwamba, usipigane nao kwa sururu; inua tuta juu ya ardhi, au panda kwenye vyungu vikubwa vyenye matundu chini.

Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili za udongo mwekundu (nao upimwe kwa siki), ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na ndoo moja ya usumba uliokatwakatwa. Usumba hushika maji bila kutuamisha. Lakini usichukue makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, maana yamejaa chumvi. Chukua makavu, yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, umwage maji hayo.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huweka kwa nia njema na vinaharibu. Cha kwanza ni majivu, kwa sababu nayo hupunguza uchachu kama chokaa. Cha pili ni mbolea ya kuku wa mayai: chakula chao kina chokaa nyingi ili ganda la yai liwe gumu, na sehemu ya chokaa hiyo hutoka na kinyesi.

Hatua ya 3: Panda mwanzo wa masika

Chagua mche wenye matawi mengi kuanzia chini, hata kama hauna ua. Geuza kiriba, mizizi ikiwa imetokeza nje na kujizungusha, mche huo umekaa kitaluni muda mrefu. Ukiuchukua, chana kiriba na ukate mizizi iliyojiviringisha. Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, mahali penye jua la kutosha. Kivulini itaishi, ila maua yatakuwa machache. Tandaza majani makavu juu, yasiguse shina.

Hatua ya 4: Maji na chakula

Mwezi wa kwanza mwagilia kila siku mbili, halafu punguza. Wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari, rudisha. Angalia birika lako la chai: kama ndani lina magaga meupe, maji hayo yana chokaa, na kila ukimwagilia unairudisha ardhini. Kinga maji ya mvua kila unapoweza.

Salfa ya unga, ileile wanayopuliza kwenye mikorosho, husaidia kuongeza uchachu polepole. Vijiko viwili vya chakula kwa mita moja ya mraba, kila miezi mitatu, vinatosha. Kwenye udongo uliochemka kwa siki usijisumbue, chokaa itaimeza yote.

Kupogoa

Maua ya iksora hutoka nchani. Mtunza bustani anayenyoa safu kila wiki ili ilingane kama meza anakata maua kabla hayajazaliwa. Subiri vishada vinyauke, kisha kata kila tawi chini ya ua pamoja na jozi mbili za majani.

Ukiona masizi meusi juu ya majani na sisimizi wakipanda na kushuka, tafuta vidukari au wadudu gamba upande wa chini. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita tatu za maji, upulize jioni, urudie baada ya siku tano.

Imeshakuwa njano, tufanyeje?

Chuma tawi ulitazame mkononi. Yakiwa majani machanga ndiyo ya njano na mishipa yake imebaki kijani, mmea umekosa chuma. Yakiwa ya chini, yaliyozeeka, na njano imeenea jani zima, hapo ndipo samadi inahitajika, au maji yametuama.

Kwa upungufu wa chuma, nunua mbolea ya chuma yenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Aina nyingine hushindwa penye chokaa nyingi. Maji yake huwa mekundu sana na hutia madoa kwenye vigae, kwa hiyo mimina taratibu kwenye shina. Subiri wiki tatu au nne, na usihukumu kwa majani ya zamani. Tazama jozi mpya inayofunguka nchani.