Kuzuia kisukari cha mimba: anza na kifungua kinywa, tena kabla ya kushika mimba

Kisukari cha mimba kwa kawaida hugunduliwa baada ya wiki ya 24, lakini njia yake hutayarishwa mapema. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile inayoitoa sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri, hivyo kongosho hulazimika kutengeneza nyingi zaidi. Likizidiwa, sukari hubaki kwenye damu na kuvuka hadi kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto hutengeneza yake, hunenepa kupita kiasi, na akishazaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Kwa hiyo, ukipanga kuzaa, jipe miezi mitatu hadi sita ya kurekebisha mlo. Cha kwanza kuacha ni soda: chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai. Cha pili ni kuongeza nyuzinyuzi. Katika utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, kila gramu 10 za ziada za nyuzinyuzi kwa siku kabla ya mimba ziliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 26. Gramu 10 unazipata kwenye robo tatu ya kikombe cha maharage yaliyopikwa. Acha sembe, tumia dona, yaani unga wa mahindi usiokobolewa. Anza pia vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku. Mwenye kisukari tayari au unene mkubwa amuulize daktari kuhusu dozi ya miligramu 5.

Mimba ikishaingia, mlo unaoharibu mambo kuliko yote ni wa asubuhi, kwa sababu saa hizo insulini hufanya kazi kwa shida zaidi. Na hapo ndipo wengi wetu tunakunywa chai ya sukari kwa maandazi, au uji laini uliokolea sukari. Uji huonekana chakula cha afya, lakini unga laini uliopikwa ukalainika zaidi humeng'enywa upesi sana. Ukiutaka, pika mzito kwa unga usiokobolewa, bakuli dogo, tia karanga zilizosagwa, usitie sukari. Asali nayo ni sukari. Kifungua kinywa kizuri zaidi: mayai mawili ya kuchemsha, kachumbari, kipande cha kiazi kitamu kisichozidi ngumi yako, na chai ya rangi isiyo na sukari.

Mchana na jioni, nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au kabichi, robo samaki, dagaa, nyama au maharage, robo ugali au wali. Kikombe kimoja cha wali kina wanga wa gramu 45 hivi. Kosa la kawaida ni kuweka wali, viazi na chapati pamoja; hizo si mboga, zote ni wanga. Tangulia na mboga na kitoweo, wanga uje mwisho, sukari itapanda kidogo zaidi. Kwa ugali ni vigumu, maana tonge ndilo kijiko, basi kula mboga kiasi kwanza. Kisha tembea dakika 10 hadi 15. Tunda ulile zima, si juisi.

Usiache wanga kabisa. Mjamzito anahitaji angalau gramu 175 kwa siku, zigawanywe katika milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu.

Kipimo cha mkojo kliniki hakitoshi: sukari inaweza kuonekana kwenye mkojo bila kisukari, na isionekane kikiwepo. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 24 na 28. Mapema zaidi kama mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, au ulishazaa mtoto wa kilo 4 na zaidi. Siku za kabla yake kula kama kawaida, kisha funga kwa muda wa saa nane ukinywa maji tu. Ni kisukari cha mimba ukifikisha hata kimoja kati ya viwango hivi vya sukari kwenye damu (mmol/L): 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili.

Ukikutwa nacho, lengo ni chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo. Chakula kisipofikisha hapo ndani ya wiki moja au mbili, dawa inahitajika, na hilo si kosa la mama. Rudia kipimo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua.