Kuhamishia kompyuta ya kazi nzito kwenye kasha la kawaida

Hapa Dodoma, wapima ardhi, wachoraji wa ramani za majengo na vijana wanaohariri video hupenda kununua kompyuta za kazi nzito zilizokwisha tumika, kama vile HP Z440 au zile za jamii ya Dell Precision, kwa sababu prosesa zake za Xeon na RAM zake za ECC, yaani zile zinazojisahihishia makosa ya data, zimetengenezwa kwa ajili ya kazi ya kutwa nzima. Taabu huanza siku pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme, inapokufa, au kadi ndefu ya picha inapokosa nafasi ndani ya kasha, kwani hapo ndipo mwenye mashine anapogundua kwamba soketi, matundu ya skurubu na hata feni zake zimefuata kipimo cha kiwanda kimoja tu. Kuhamisha kunawezekana, ila utaratibu mmoja usivunjwe: bodi mama, yaani sahani kubwa inayobeba prosesa na RAM, iwake kwanza mezani, ikiwa na pawasaplai, swichi na feni itakazotumia huko iendako, ndipo chuma kianze kutobolewa.

Nakili data zako zote, kisha pima bodi kwa rula. Kipimo cha ATX, yaani kile kinachofuatwa na makasha na pawasaplai za kawaida, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. Bodi inayokizidi kwa upana itahitaji kasha kubwa zaidi, na ile yenye pembe zilizochongwa kufuata umbo la kasha lake mimi ningeishauri ibaki ilipo.

Umeme ndio unaoua bodi nyingi, hivyo upe muda kuliko hatua nyingine yoyote. Usiamini umbo la soketi wala rangi za waya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilikuwa ikitumia soketi yenye umbo lile lile la ATX huku waya zake zikiwa zimepangwa tofauti, na aliyechomeka pawasaplai ya kawaida aliweza kuunguza bodi papo hapo. Kama pawasaplai ya zamani bado ni nzima na inaingia kwenye kasha jipya, hamia nayo, hata ikibidi kuitengenezea kishikizo cha bati. Kama imekufa, soma kibandiko chake, kwa kuwa huonyesha volti na ampea za kila njia, halafu tafuta mpangilio wa pini wa modeli hiyo hasa, si wa modeli inayofanana nayo. Uhakikishe kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio, mashine ikiwa haina umeme kabisa: ncha moja ishike duara la shaba lililozunguka tundu la skurubu kwenye bodi, nyingine ipite pini moja baada ya nyingine, na zile zinazolia mara moja bila kusita ndizo za ardhi.

Angalia pia umeme wa kusubiri, yaani ule unaofika kwenye bodi hata kompyuta ikiwa imezimwa. ATX hutoa volti 5 kwenye waya wa zambarau, lakini baadhi ya bodi hizi hudai volti 12, na bila hizo swichi itabonyezwa mpaka kidole kichoke. Waya wa kuunganishia unaouzwa kwa bodi za namna hiyo huwa na bodi ndogo ya kupandishia volti. Ukipata usiokuwa nayo, usiununue. Kuunganisha waya kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu hakufai hapa, kwa kuwa ampea ni nyingi na kiungo hupata moto.

Swichi ya mbele ni nyepesi kuliko inavyotisha. Badala ya kukisia waya zote za utepe wake, ng'oa ile bodi ndogo ya mbele yenye swichi pamoja na utepe wenyewe, uifunge ndani ya kasha jipya, kisha ulehemu waya mbili za swichi mpya sambamba na swichi ya zamani. Kwa feni, kumbuka kwamba baadhi ya soketi zina pini tano au sita, na ile ya ziada huiwezesha bodi kutambua feni iliyofungwa. Isipoitambua, husimama wakati wa kuwaka na kudai ubonyeze F1. Ni salama zaidi kuhama na feni za zamani kuliko kuunga pini kwa kubahatisha.

Mashine ikishawaka mezani, chukua karatasi ngumu, ilaze juu ya bodi, utoboe mahali pa kila tundu, kisha hamishia alama hizo kwenye bati la kasha. Nguzo ndogo za shaba zisizokutana na tundu lolote zing'olewe zote, maana moja tu iliyosahaulika hugusa risasi za lehemu chini ya bodi na kuleta shoti. Chungulia pia kipozeo cha prosesa: katika baadhi ya mashine skurubu zake hupenya bodi na kushika kwenye bati la kasha la zamani, kwa hiyo kipande hicho cha bati kikatwe na kihame nacho. Bati la nyuma lenye matundu ya USB na sauti nalo hukatwa kwa grainda na kufungwa kwa ribiti. Kazi hiyo ifanyike bodi ikiwa mbali, na chenga za chuma zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa vumbi la kiangazi chetu, weka feni nyingi zaidi za kuingiza hewa kuliko za kuitoa, na kila ya kuingiza iwe na chujio. Hewa ikijaa ndani, haitavutwa kupitia nyufa. Wakati huo wa ukavu, gusa chuma kilichoungwa na waya wa ardhi kabla ya kushika RAM. Mwisho, ipe mashine kazi nzito kwa saa kadhaa huku ukipima waya wa volti 12, ambao kwenye ATX ni wa njano: usomaji ubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na ukitoka nje ya hapo, zima na urudi kwenye viungo vya umeme kabla ya kufunga mfuniko.