Kabla hujatia rangi kromosomu

Slaidi ya kromosomu (nyuzi za DNA ndani ya seli) ikitoka vibaya, lawama huangukia Giemsa, rangi inayozionyesha kwa darubini. Mara nyingi rangi haina kosa. Kazi iliharibika siku tatu nyuma.

Anza na tyubu. Damu iwe kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kifuniko cha kijani. EDTA, kizuia-kuganda kingine tulichokizoea kwa hesabu ya damu, haitufai, maana seli zikikaa humo hazioti vizuri. Usiigandishe damu hiyo kwenye friza. Kromosomu huonekana seli inapogawanyika, na seli iliyokufa haigawanyiki.

Kisha tazama kalenda. Seli nyeupe huoteshwa takriban saa 72 kwenye nyuzi 37, zikichochewa na fitohemaglutinini, kitu kinachotolewa kwenye maharage (naam, maharage). Damu ya Jumatano inavunwa Jumamosi: nani yuko zamu?

Siku ya kuvuna, kolsemidi, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, ipimiwe muda. Ikizidi, kromosomu hufupika zikawa vibonge, na mistari yake husongamana isisomeke. Maji ya kloridi ya potasiamu ya molari 0.075 yawe tayari. Ndiyo yanayovimbisha seli ili kromosomu zitawanyike. Usiyadharau. Vitabu viliwahi kusema binadamu ana kromosomu 48, hadi Tjio na Levan walipotumia kolchisini (ndugu wa kolsemidi) na maji ya namna hii kule Lund, Sweden, na mwaka 1956 wakatangaza 46. Dawa ya kukaza seli, yaani methanoli sehemu 3 kwa asidi ya asetiki sehemu 1, ichanganywe siku hiyohiyo.

Slaidi mbichi haifai kwa tripsini, kimeng'enya kinachofanya mistari ya kromosomu ijitokeze. Ikaushe kwanza, kwa mfano usiku kucha kwenye nyuzi 60. Halafu jaribu moja tu. Tripsini hupimwa kwa sekunde: ikipungua mistari haijitokezi, ikizidi kromosomu hututumka na kingo kufifia. Bafa ya Giemsa, yaani maji ya kuichanganyia, iwe na pH 6.8.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwani methanoli hufuta wino wa kalamu nyingi, nawe utabaki na slaidi isiyo na mwenyewe. Weka vitambulisho viwili vya mgonjwa, si jina peke yake.

Kama daktari anaulizia badiliko moja mahususi, mathalani la kromosomu 9 na 22 katika saratani ya damu, andaa FISH, kipimo kinachotumia vipande vya DNA vyenye rangi ing'aayo kunasa sehemu inayotafutwa; vipande hivyo visipigwe na mwanga. Mabaki ya seli zilizokwisha kukazwa yatie friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, mpaka ripoti isainiwe.