Jinsi ya kutafuta fedha za kurekebisha nyumba kwa ajili ya kijana mwenye ulemavu wa macho: mwongozo kwa wazazi wa Dodoma

Wazazi wengi huja ofisini wakiuliza mfuko wa kurekebisha nyumba uko wapi. Mfuko mmoja wa namna hiyo hutaupata halmashauri. Fedha hizi hukusanywa vipande vipande: saruji huku, bomba kule, nguvu kazi kwa majirani. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii nimeona ombi lililopimwa kwa mita na kuhesabiwa hadi msumari linajibiwa. Barua inayoeleza dhiki peke yake huambulia pole.

Hatua ya 1: Ripoti ya macho

Mpeleke kijana hospitali yenye kitengo cha macho, kwa mfano Benjamin Mkapa, au Mvumi kama mko upande wa Chamwino. Mwombe daktari aandike uwezo wa kila jicho kwa tarakimu. Akiandika 6/60, maana yake kitu anachokiona kijana akiwa mita 6, mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, jicho lenye nafuu likiwa chini ya 3/60 mtu huhesabiwa haoni. Kuanzia hapo kwenda juu hadi chini ya 6/18 ni uoni hafifu. Aandike pia kama kijana haoni pembeni, kama hupotea giza likiingia, kama jua kali linamuumiza.

Ripoti hiyo ndiyo itakayoamua mnunue nini. Mwenye uoni hafifu husaidiwa na rangi na taa. Asiyeona kabisa anahitaji kitu cha kushika na sakafu inayomwambia mguuni yuko wapi.

Hatua ya 2: Mwache kijana aongoze

Hapa msiharakishe. Kabla ya kumwita fundi, mwombe kijana awatembeze njia zake za kila siku: chumbani hadi chooni na bafuni, chumbani hadi jikoni, mlangoni hadi barabarani. Ninyi fuateni nyuma kimya, na futi ya kupimia na daftari mkononi.

Wazazi wa binti mmoja wa Nkuhungu walitaka fedha za kuvunja ngazi za baraza wajenge mteremko. Tulipomwomba atupeleke chooni, ngazi zile alizishuka bila kusita, alikwisha kuzizoea. Kilichomsumbua ni kamba ya kuanikia nguo iliyopita usawa wa uso wake, pipa la maji ambalo kila siku liliwekwa mahali tofauti, na mfuniko uliopasuka wa shimo la maji machafu. Kamba ilihamishwa jioni ile ile, pipa likapewa kona yake. Kilichobaki cha kuombewa fedha ni mfuniko na kishikio. Mteremko unamfaa sana anayetumia kiti cha magurudumu, huyu hakuuhitaji.

Mkumbuke pia umri. Kijana wa miaka 15 hataki kushikwa mkono kwenda kuoga, na ana haki ya kutotaka. Mwulize angependa kufanya nini peke yake, muanzie hapo.

Hatua ya 3: Mchanganuo wa gharama

Sasa mwite fundi mwashi na fundi wa kuchomelea. Kazi ambazo mara nyingi huleta nafuu kubwa ni hizi: kishikio cha bomba la chuma kutoka nyumba hadi choo, kimo cha kama sentimita 90, utepe wa rangi ya njano, upana wa sentimita 5, kwenye ukingo wa kila ngazi, fremu za milango kupakwa rangi nzito ukuta ukiwa mweupe, kufunika mashimo na mifereji, na taa uani. Vitu vya bei ya chini viandikwe kwanza, kwa sababu mfadhili akiwa na kidogo atachagua hapo.

Chukua profoma, yaani karatasi ya bei inayotolewa kabla ya kununua, kutoka maduka mawili au matatu ya vifaa vya ujenzi. Gharama ya fundi iandike mstari wake peke yake. Kama mmepanga, mwenye nyumba atoe kibali cha maandishi, la sivyo mnaweza kujenga kisha mkahamishwa. Kazi ya uani ipangwe kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijachimba makorongo.

Hatua ya 4: Barua

Iwe ukurasa mmoja. Mfano:

*YAH: OMBI LA SARUJI MIFUKO 6 NA BOMBA LA CHUMA MITA 14*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu ana miaka 15, yupo kidato cha pili, na jicho lake lenye nafuu ni 6/60. Kutoka chumbani kwake hadi chooni ni mita 14, na katikati pana shimo la maji machafu lenye mfuniko uliopasuka. Naomba saruji na bomba la kishikio. Mchanga, kokoto na fundi vitatolewa na familia na majirani.*

Sentensi ile ya mwisho ina uzito kuliko zote, ilimradi iwe kweli. Ambatanisha ripoti ya daktari, cheti cha kuzaliwa, profoma na picha za njia. Piga picha shimo, usipige uso wa mtoto. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Lakini kijana asomewe barua yote kabla haijatoka nyumbani.

Hatua ya 5: Pa kupeleka

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji akupe barua ya utambulisho, upite kwa mtendaji wa kata, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hakikisha jina la kijana lipo kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa wenu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ndiyo ya kuitaja mkiambiwa jambo hili ni la familia tu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla; peleka mapema.

Nakala nyingine zipelekwe Chama cha Wasioona Tanzania, kanisani au msikitini, na vilabu vya Lions, ambavyo masuala ya macho ni kazi yao ya miaka mingi. Kila mmoja mwombe kipande chake, na mwambie wazi nani mwingine ameombwa nini.

Kuhusu mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu: ni ya biashara, na hurejeshwa. Msikope huko kujengea choo. Hela za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nazo ni za kujikimu, ila kuwemo kwenye mpango huo ni ushahidi mzuri wa hali ya kaya, utajeni kwenye barua.

Hatua ya 6: Hela zikipatikana

Nunua kama ulivyoandika, tunza kila risiti, na mpelekee kila aliyechangia nakala na picha ya kazi iliyokamilika. Fundi asimaliziwe malipo yake mpaka kijana mwenyewe apite njia yote, mchana na tena usiku, aseme panapokwaruza mkono na panapobaki giza.