Jinsi ya kuomba kusomea unesi wa usingizi Marekani, na jinsi ya kuamua kabla hujajaza fomu

Manesi wenzangu mlioko Marekani mnaofikiria kusomea usingizi, yaani kuwa CRNA, nesi anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, wengi wanaanzia kwenye fomu halafu swali lenyewe la kama wanaitaka hii kazi linawajia washalipa ada ya maombi na washasumbua mabosi kwa barua. Mi naona kuamua ndo hatua ya kwanza.

Nenda thieta. Uliza idara ya usingizi hapo hospitalini kwako kama unaweza kumfuata CRNA siku nzima, na kama chuo unachokitaka kina fomu yake ya kusainiwa nenda nayo, vyuo vingi vinataka kuona umefanya hivyo. Ukiwa pale usiishie kuangalia wakati wa kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia, hapo kila mtu anavutiwa. Angalia yale masaa ya katikati, mgonjwa kalala, daktari anapasua, na huyu mtu kakaa kichwani pa mgonjwa anasoma presha, oksijeni, mapigo ya moyo, anaongeza dawa kidogo anapunguza kidogo na haruhusiwi kuchoka kuangalia. Mgonjwa mwenyewe mnaongea dakika chache tu. Kama unachopenda kwenye unesi ni kukaa na mtu siku nyingi mpaka ukamjua yeye na ndugu zake, utakikosa sana na mshahara hautaziba hilo pengo. Kama presha ikishuka unataka kujua kwa nini, tena uishughulikie wewe mwenyewe sasa hivi, basi endelea.

Halafu pesa, na hapa kaa na mwenzio mezani mpige hesabu kweli kweli. Tangu Januari 2022 kila anayeanza programu hizi anaingia moja kwa moja ngazi ya shahada ya uzamivu (sio udaktari wa tiba), inaitwa DNP au DNAP, ni miaka mitatu hivi ya kusoma kutwa na vyuo vingi vinakwambia wazi usifanye kazi. Kwa hiyo sio ada peke yake, ni ada jumlisha mshahara ambao hauingii. Na mkopo wa Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanaosoma shahada za juu, ambao wengi waliutegemea kujazia, haupo kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa kawaida wa serikali kwa shahada za juu una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, basi piga simu ofisi ya mikopo ya chuo mapema uwaulize wanafunzi wao wanajazia na nini.

Ukishaamua, kitu kikubwa ni ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. COA, ndo wanaotoa ithibati kwa hizi programu, wanataka uwe na leseni ya RN (nesi aliyesajiliwa) isiyo na doa, digrii, na angalau mwaka mmoja wa kazi ya kutwa kwenye uangalizi wa wagonjwa mahututi, na huo mwaka lazima uwe wa hapa Marekani. Najua inauma kwa mtu aliyefanya ICU nyumbani miaka mingi lakini ndo sheria. Wodi ya kawaida haihesabiwi, nyumba ya wazee haihesabiwi, kama uko huko anza kuomba kuhama leo. Tafuta ICU yenye wagonjwa wa ventileta, drip za kupandisha presha, mishipa yenye laini za kupimia presha muda wote, kwa sababu hayo ndo utaulizwa. Ukiwa humo fanya na mtihani wa CCRN, cheti cha ubingwa wa kuhudumia mahututi, njia moja ya kustahili ni kuwa na masaa 1,750 ya kuhudumia mahututi ndani ya miaka miwili, na 875 kati ya hayo yawe ya mwaka wa mwisho. Vyuo vingine vinaulazimisha, vingine wanaupenda tu, ila ufanye.

Makaratasi sasa. Transkripti za kila chuo ulichowahi kusoma, CV, insha, vyeti vya ACLS na PALS (huduma ya dharura ya kuokoa maisha, ya watu wazima na ya watoto), barua za watu waliokuona kazini, mmoja awe bosi wako wa ICU. Uliyesoma nje ya Marekani unahitaji tathmini ya somo kwa somo, mfano ya WES, shirika linalokagua vyeti vya nje, na hiyo ndo itakuchelewesha kuliko vyote kwa sababu chuo cha nyumbani kinatakiwa kitume chenyewe, kwa hiyo ianze kabla ya kitu kingine chochote. Kama kemia au fiziolojia ulipata gredi mbaya zamani, rudia somo. Maombi mengi yanapitia NursingCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya unesi onlaini, vingine wana fomu yao, na kila chuo kina dedilaini yake.

Kwenye intavyuu watakuuliza kuhusu dawa unazotundika kila shifti: inafanya kazi wapi, ikizidi inakuwaje, mgonjwa wako wa jana ulimpa hii ukaacha ile kwa nini. Jizoeze kueleza kwa sauti, maana kujua kichwani na kusema mbele ya watu watano ni vitu viwili.

Ukikubaliwa wataomba amana ndani ya muda mfupi na mara nyingi hairudishwi. Kabla hujalipa fungua tovuti ya chuo, wanatakiwa waweke hadharani asilimia ya waliofaulu mtihani wa bodi mara ya kwanza na wangapi waliacha masomo njiani, na kama namba ya walioacha ni kubwa wapigie uwaulize sababu.