Namna ya kusoma ganda ya konokono yenye ilishakufa

Mvua ikishapita hapa Bukavu, angalia chini ya migomba mu parseli, utapata maganda kubwa ya konokono, batu banapita banayapiga teke tu. Muache kuyapiga teke basi, juu ganda tupu inaonyesha nini iliua konokono, na vile njo banachunguza Placostylus, konokono kubwa za visiwa vya mbali kule Pasifiki: Nouvelle-Calédonie, Fiji, Salomon, kaskazini kabisa ya Nouvelle-Zélande, na Lord Howe ya Australia.

Beba kaye, bic na latte. Okota paka zenye ni tupu, ikiwa na nyama ndani uiache pale pale.

Pima urefu, toka ku ncha mpaka ku mdomo. Kisha pitisha kidole ku mdomo polepole, hapo njo kazi yenyewe iko. Placostylus ikikomaa inaacha kukua, mdomo unakuwa munene na unapinduka inje, unauskia laini na nguvu sawa ukingo wa kikombe. Kama mdomo ni mwembamba na unavunjika-vunjika, basi ilikufa ikiwa ingali mutoto. Zetu za huku hazifanyake ule mdomo munene, kwa hiyo andika urefu na uhesabu mizunguko.

Sasa angalia fasi yenye ilivunjika. Ganda nzima, rangi ilishatoka, imekuwa nyeupe: pengine ni jua kali ao uzee. Lakini ukikuta mdomo umetafunwa meno meno, na maganda mengi yamerundikana fasi moja chini ya muzizi ao jiwe, waza panya, juu panya anapendaka kubeba chakula akalie fasi ya kujificha. Lord Howe panya zilishuka mu 1918, meli moja inaitwa Makambo ilikwama pale, na konokono ya kile kisiwa ikapungua vibaya sana, mpaka 2019 njo bakafanya operesheni ya kumaliza panya kisiwa nzima. Inaumiza kweli, miaka mia moja.

Kitu kingine: hesabu pia zenye ziko hai, bila kuzihamisha. Ukiona kubwa tu na ndogo hakuna, usifurahi juu ya zile kubwa, inaweza kumaanisha batoto banakuliwa mbele ya kukomaa, na Placostylus inachukua miaka mingi kukomaa.

Andika tarehe na fasi ku kila ganda, piga foto upande wa mdomo, kisha nawa mikono na sabuni, juu konokono zinaweza kubeba vimelea.