Kuomba mwaka wa Kirusi ukiwa Nairobi: tafsiri iache mwisho

Siku moja mwezi wa Aprili nilipanda matatu ya Umoja nikiwa na bahasha ya kaki mapajani, nikaanza kusoma jina langu, Wekesa, kwa Kirusi. Herufi zao, zote 33, nilikuwa nimezimaliza wiki ileile kwa simu, kwa hiyo nilisoma polepole kama mtoto wa chekechea. Kwenye tafsiri ya cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilikuwa Векеса (Vekesa). Kwenye tafsiri ya cheti cha kuzaliwa nilikuwa Уэкеса (Uekesa). Watu wawili ndani ya bahasha moja, na wote wawili nimewalipia.

Sasa nimebakisha siku tisa nisafiri, na kila nikikutana na mtu chuoni swali ni lilelile: ulifanyaje? Nimeamua kuandika mara moja.

Anayehusika hapa ni mwanafunzi wa chuo, au aliyemaliza kidato cha nne, anayetaka kukaa Urusi mwaka mzima akisoma lugha kabla ya kuanza kozi yenyewe. Mwaka huo wenyewe wanauita podfak. Mwishoni unatakiwa uwe umefika kiwango cha B1, yaani cha kati, ndipo uketi darasa moja na Warusi usome uhandisi au udaktari au chochote ulichoomba. Kwa anayetaka lugha tupu kuna Taasisi ya Pushkin jijini Moscow, ambayo tangu 1966 kazi yake ni kufundisha wageni Kirusi. Mjomba wangu yeye anajua Lumumba tu. Chuo hicho kilianzishwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, likaondolewa 1992 na kurudishwa 2023. Mjomba hakuwahi kuacha kulitumia, na nimechoka kumweleza kwamba mimi nakwenda mji mwingine, Voronezh.

Kuomba nafasi

Njia ni mbili: ufadhili wa serikali ya Urusi, au kujilipia. Ufadhili unaombwa kwenye tovuti ya education-in-russia.com. Unafungua akaunti, unapakia nakala za pasipoti na vyeti, unachagua hadi vyuo 6, kisha unangoja. Mchujo wa kwanza unafanyika hapa nchini, wa pili huko kwao. Dirisha hufunguliwa karibu na mwisho wa mwaka kwa ajili ya masomo ya Septemba inayofuata, kwa hiyo ukianza kuulizia mwezi wa Mei umeshachelewa, labda ujilipie.

Ukipata ufadhili, elewa umepata nini. Karo hulipi, ukiwemo mwaka wa lugha. Bweni unapewa. Posho ya mwezi ipo lakini ni ndogo, haikulishi. Nauli ya ndege ni yako na bima ya afya ni yako. Nyumbani walisikia neno "ufadhili" wakaanza kunipongeza kana kwamba nimeajiriwa.

Jina uliloandika kwenye fomu ya mtandaoni liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Ni hapa shida yangu ilipoanza, ingawa sikuiona.

Stakabadhi

Sitakufundisha kuomba pasipoti. Unaijua tovuti ya eCitizen na unazijua ofisi za Nyayo House. Hakikisha tu ina uhai wa miezi 18 au zaidi kuanzia utakapopata viza, kwa sababu pasipoti ya kuisha mwakani itakurudisha mwanzo. Cheti cha maadili mema, kile cha polisi, hakiombwi na kila chuo. Ukiombwa, fomu ya C-24 ichapishwe pande zote mbili za karatasi moja. Karatasi mbili zilizobanwa pini zitakurudisha saiba, kwenye duka la kompyuta, na mwenye saiba anajua utarudi.

Cheti cha KCSE ndicho chenye kazi. Kenya na Urusi hazitumii ule muhuri mmoja wa apostili, unaofanya hati itambuliwe nje ya nchi, kati yao, kwa hiyo cheti kinapita mkono kwa mkono: uthibitisho wa KNEC, baraza la mitihani, ambao huombwa mtandaoni kupitia mfumo wao wa QMIS, kisha notari, kisha Wizara ya Mambo ya Nje pale jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, kisha ubalozi wa Urusi, Lenana Road. Kila mmoja anathibitisha muhuri wa aliyemtangulia. Ukiruka mmoja, anayefuata hana cha kuthibitisha. Kabla hujaanza, kiandikie chuo barua pepe uulize kitu kimoja: mihuri wanaitaka juu ya cheti chenyewe au juu ya nakala iliyothibitishwa? Jibu lao lichapishe utembee nalo. Mimi lilinisaidia mara mbili mbele ya makarani waliokuwa na maoni yao binafsi kuhusu suala hilo.

Neno kuhusu notari. Si kila wakili ni notari. Yule wa ghorofa ya pili mwenye meza moja na mihuri mitano, anayekugongea kwa bei ya sahani ya chipsi, mara nyingi ni kamishna wa viapo. Muhuri wake unafaa kwa hati ya kiapo ya kitambulisho kilichopotea. Kwa safari hii haufai. Uliza kwanza, "Wewe ni notari?" Mimi sikuuliza, nilipanda ngazi nikiwa na haraka. Dirishani mama mmoja mpole alikigeuza kikaratasi changu mara mbili, akaniambia, "Kijana, huyu amekuapisha tu." Nikarudi mjini.

Tafsiri

Hapa ndipo pesa zangu zilipokwenda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilianza na tafsiri. Nilifikiri ndiyo kazi ngumu, niimalize mapema. Nikampata mtafsiri mmoja mjini, akanitafsiria KCSE. Cheti cha kuzaliwa nikampelekea mwingine aliyekuwa na bei nafuu zaidi. Nikatoka na makaratasi masafi yenye Kirusi, nikayapiga picha, nikaweka hata kwenye hali ya WhatsApp.

Kosa la kwanza: tafsiri ni ya karatasi nzima, pamoja na kila muhuri uliopo juu yake. Mimi nilitafsiri cheti kikiwa kitupu, ndipo nikakipeleka kupigwa mihuri. Mwishoni cheti kilikuwa na mihuri ya Kiingereza kila upande, na tafsiri haina hata mmoja. Kwa mtu anayesoma Kirusi peke yake, hizo ni hati mbili tofauti. Nilirudia yote.

Kosa la pili ni jina. Kirusi hakina W. Mtafsiri mmoja anaandika В, ambayo inasomwa V, mwingine anaandika У, ambayo inasomwa U, na kila mmoja ana sababu zake. H nayo hawana ya kwetu: Hamisi anaweza kuwa na Х au Г. J inaandikwa kwa herufi mbili, дж, ila ukikutana na mvivu anaweka ж basi. Wanjiku, Wafula, Njoroge, Hassan, nyote mjipange. Tena wana nafasi kwenye fomu ya jina la baba, na ukiwa na majina matatu kama sisi, lazima atatokea mtu aone la katikati linaingia pale vizuri kabisa.

Nani basi mwenye neno la mwisho juu ya jina lako? Si wewe wala mtafsiri. Ni barua ya mwaliko. Chuo kinakuombea mwaliko kwa mamlaka za uhamiaji za Urusi, na ndani yake jina lako limeandikwa kwa herufi zao. Viza inafuata mwaliko. Usajili wa kule unafuata viza, na kadi ya mwanafunzi pia. Cheti chenye jina linalotofautiana na viza yako kwa herufi moja kinaweza kukuzungusha huko ofisi hadi ofisi, sasa ukiwa kwenye baridi. Kwangu mwaliko ulikuja na Векеса, kwa hiyo Уэкеса akafa. Kumzika kulinigharimu Sh 6,400 na wiki mbili.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: mihuri yote iishe, mwaliko ufike, ndipo utafsiri. Vyeti vyote mpelekee mtafsiri mmoja, siku moja, pamoja na nakala ya mwaliko, umwambie, "Jina liandike hivi." Tafsiri hiyo lazima ithibitishwe na konseli wa Urusi au na notari wa Urusi. Ukipenda, nenda na vyeti vyako vyenye mihuri ukatafsirie hukohuko, ikiwa chuo kimekubali. Waliotangulia wanasema ni rahisi, na angalau notari wa kule ana uhakika ni notari.

Na jifunze zile herufi kabla ya hayo yote. Wiki moja inatosha. Mtego uko kwenye zinazofanana na zetu: Р ni R, Н ni N, С ni S, В ni V. Nisingezijua, ningeondoka na wale watu wawili wangu kwenye begi nikiwa na furaha tele.

Mwaliko na viza

Mwaliko huchukua kama siku 30 hadi 45 tangu chuo kipeleke maombi. Hakuna wa kumharakisha. Nilijaribu kuandika barua pepe kila Jumatatu, nikajibiwa kwa upole uleule kila Jumatano.

Ukifika, jaza fomu ya viza mtandaoni, chapisha, beba picha, pasipoti, mwaliko na cheti cha kupimwa VVU. Cheti hicho kinatumika kwa miezi 3 tu. Mimi, kwa ile akili yangu ya kumaliza mambo mapema, nilipima Machi. Nilipima tena Julai. Muuguzi alinikumbuka akaniangalia kwa huruma, nikakosa nguvu ya kumweleza.

Viza ya kwanza kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, kwa miezi mitatu. Usishtuke ukaona ni pungufu: chuo ndicho kinachokuongezea ukishafika. Ila ina maana moja, kwamba usitoke Urusi kabla haijaongezwa.

Maajenti

Yupo mtu atakwambia haya yote ni ya nini, mpe elfu kadhaa na pasipoti, atakupeleka. Kuna maajenti halali wanaofanya kazi na vyuo. Lakini ripoti za miaka hii miwili mmezisoma wenyewe: wasichana wa Afrika waliotangaziwa masomo na kazi kule Alabuga, Tatarstan, wakajikuta kiwandani wakiunganisha droni, na Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida wakajikuta jeshini vitani Ukraine.

Basi soma karatasi. Mwaliko wa mwanafunzi unataja chuo, na lengo la safari limeandikwa учёба, yaani masomo. Ukiona военная служба, hiyo ni huduma ya jeshi. Министерство обороны ni Wizara ya Ulinzi. Ukiambiwa utie sahihi kitu cha Kirusi uwanja wa ndege, au kwamba chuo utakijua ukifika, rudi nyumbani ukale. Na jina la chuo ulitafute mwenyewe, uandike kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, siyo ile uliyopewa na ajenti.

Pesa na safari

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Benki yako itakwambia kadi ni ya dunia nzima. Ni ya dunia nzima ukitoa hiyo nchi moja. Beba noti, za kutosha miezi miwili angalau, na ugawe sehemu mbili.

Ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hakuna. Wengi wanapita Addis Ababa, Dubai, Doha au Istanbul. Anayekwenda Voronezh ajue uwanja wa ndege wa huko umefungwa tangu Februari 2022, kwa hiyo ukishuka Moscow kuna treni, na hiyo nauli haimo kwenye hesabu uliyompa mzazi.

Uwanjani Moscow utapewa kikaratasi, kadi ya uhamiaji. Ni kidogo, kinapotea kama risiti ya supamaketi. Kiweke ndani ya pasipoti, kipige picha. Siku ileile unayofika bwenini kipeleke pamoja na pasipoti kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakusajili, kwa sababu sheria inatoa siku 7 za kazi na hutaki kuzihesabu wewe. Baadaye kuna kuchukuliwa alama za vidole na kupimwa afya. Chuo kitakuelekeza.

Koti nimepata soko la mitumba la Gikomba, zito, la Mjerumani fulani mwenye mabega mapana. Jana tulipima begi kwa mizani ya duka la jirani ikawa kilo 25, na mimi ninaruhusiwa 23. Mama alikataa unga utolewe. Nimetoa kamusi.